Uso Ndani ya Shada

Mwenye studio mmoja wa Iringa aliponiomba picha kubwa ya kuweka kwenye dirisha la duka lake, nilipaswa kukataa. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kupiga picha, na siku zangu zilipita sokoni Mwanjelwa, nikiwapiga picha akina mama wanaotengeneza mashada ya msiba.

Mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa kike. Siku hiyo nilimwomba ainue shada alilolimaliza, uso wake uonekane katikati ya maua meupe.

"Kaka, unanizika mchana kweupe?" akaniuliza huku anacheka.

"Tulia wewe, marehemu hachekicheki!" akamtania mwenzake wa meza ya pili. Safu nzima ikaangua kicheko.

Nikapiga. Kisha nikamwambia, "Sasa usicheke," nikapiga nyingine. Hiyo ya pili niliitoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe, nikaipeleka Iringa. Niliiona ina uzito. Sikukumbuka kwamba kwetu picha ya uso uliozungushiwa maua namna ile hubebwa mbele ya jeneza.

Mama yetu aliishi hapo hapo Iringa. Jirani yake aliiona dirishani, akaipiga kwa simu yake, akaenda moja kwa moja kwa mama kumpa pole.

Asubuhi iliyofuata akanipigia shemeji yangu anayeishi na mama.

"Shemeji, mnazika lini? Mbona mmetuficha?"

"Tunamzika nani?"

"Mdogo wako! Jirani ametuletea picha yake." Kisha akasema mama ameiona picha, ameanguka, na tangu jana hasemi.

Mama alikataa kusikiliza simu, kwa hiyo tulipanda basi mimi na mdogo wangu. Hadi Makambako niliogopa kumkuta mama amekufa. Tulipopita Mafinga nikaanza kuogopa kumkuta hai, maana mtoto aliyekwisha kumlilia angemwona anaingia mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amebana mikono katikati ya magoti. Nguo zake bado zilinukia maua ya sokoni.

"Niingieje?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Nipige hodi kama mgeni, au niingie tu?"



Tulipofika, alipiga hodi. Mama alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Mdogo wangu akasogea taratibu, akapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Nishike mkono, nina joto."

Mama akautazama uso ule. Mwili ukaanza kumtetemeka mpaka kitanda kikalia. Akavuta kanga akajifunika macho, akageukia ukutani. Kila mdogo wangu alipoingia chumbani, mama alitetemeka hivyo hivyo, mpaka shemeji akamwomba abaki jikoni.

Mama alifariki wiki ile ile bila kukubali kwamba binti yake yu hai. Picha ile ilinigharimu mama. Mdogo wangu yupo palepale Mwanjelwa na mashada yake, lakini tangu mazishi hayo hajaniita kaka.