Mwenyekiti Asiyekuwepo

Siku Tulinagwe anachaguliwa kuwa mwenyekiti wa Chama cha Wakufunzi wa Menejimenti, hakuwepo. Alikuwa nje ya ukumbi kule Njombe, anatetemeka kwa baridi, simu kaibana sikioni, mama yake anamsimulia kutoka kijijini Masukulu kwamba leo amewamwagia kuku sukari akidhani ni pumba.

"Macho yamekwisha, mwanangu," mama alisema. "Kuku wananiona, mimi siwaoni."

Akarudi ndani, akakuta watu wazima wamesimama wanampigia makofi.

Chama hiki kina desturi moja ambayo haimo kwenye katiba lakini inaheshimiwa kuliko katiba: anayetoka nje wakati wa uchaguzi ndiye anayechaguliwa. Waliobaki ndani wote wanajua kukataa. Ni watu wanaofundisha uongozi vyuoni na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo, kwa hiyo wanaujua ulivyo. Mtu akitajwa anasimama, anashukuru kwa heshima kubwa aliyopewa, anaeleza majukumu yaliyomwelemea, anakaa. Asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Wazoefu siku ya uchaguzi hawanywi hata maji, wasije wakabanwa. Tulinagwe alikuwa mgeni, na wazoefu hawakuona sababu ya kumwambia.

"Ni mwaka mmoja tu," alimfariji Fulgence, makamu wake. Fulgence alikuwa mkufunzi wa Iringa, mwanaume wa suti na sauti, mtu ambaye akikwambia "tuko pamoja" ujue uko peke yako.

Mwaka ukaanza. Chuoni kwake Tukuyu, Tulinagwe alikuwa akifundisha somo la kukasimu madaraka: kiongozi bora hakumbatii kazi zote, anagawa. Asubuhi anaandika hivyo ubaoni, mchana anajaribu kwa wenzake. Akaunda kamati ya jarida la chama. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikakutana, ikanywa chai, ikapendekeza kwamba mwenyekiti aandike. Akamkasimu Fulgence kazi ya kutafuta mgeni rasmi, Fulgence akamrudishia namba za simu pamoja na ushauri: "Piga wewe, mwenyekiti. Sauti ya mama haikataliwi." Warsha ya Songea, kikao cha Iringa, mjadala wa mitaala Dodoma. Likizo yake yote iliishia stendi za mabasi na kwenye kumbi zenye mapazia ya zambarau.

Masukulu si mbali na Tukuyu. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda, na kila Jumamosi hakwenda. Daktari alikwisha kusema kwamba ule ni mtoto wa jicho, unaondolewa, bibi ataona. Ila baada ya upasuaji lazima awepo mtu nyumbani wa kumtilia dawa na kumzuia asiiname kupuliza moto. Mtu huyo ni Tulinagwe. Kaka zake wako Dar es Salaam, wanatuma salamu.

"Mama, nikikabidhi tu kile cheo, likizo yangu mpya yote ni yako."

"Ndaga, mwanangu," mama alishukuru, akamtenga jogoo mmoja wa kumpelekea daktari. Alimchagua mweupe, maana ndiye pekee aliyekuwa bado anamwona kidogo.

Mkutano mkuu ukapangwa Jumamosi, pale pale Tukuyu, kwenye ukumbi wa kanisa. Likizo ya Tulinagwe ilianza Jumatatu. Safari hii alikuwa na mbinu: angekaa katikati ya ukumbi tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga, hata nyumba yake iungue.

Ijumaa, mzee Ambilikile akafariki. Alikuwa mzee wa kanisa huko Masukulu, jirani ya mama yake kabisa, migomba yao imeingiliana hata hawajui mkungu upi ni wa nani.

Jumamosi asubuhi wajumbe wakashuka kwenye Kosta waliyoikodi, mvua ya Tukuyu inawapokea kama kawaida yake, wakaingia ukumbini wakakuta sakafu. Sakafu tupu, na Nelson, mtunza ukumbi, anafagia.

"Nelson, viti viko wapi?" Tulinagwe aliuliza.

"Vimekwenda msibani."

"Masufuria?"

"Msibani."

"Wapishi je?"

Nelson akaegemea ufagio, akamtazama kama mtu aliyeuliza mvua imetoka wapi. "Mwalimu, kumbe na wewe bado hujaenda?"

"Tuliomba ukumbi huu tangu mwezi wa tatu!"

"Ukumbi si huu? Nani kauhamisha? Mkutano unaahirishwa, mwalimu. Maiti haiahirishwi."

Hapo hakuna cha kubishana. Huku Rungwe usipozika wenzako, siku yako jeneza litabebwa na kamati ndogo. Ndipo Fulgence akapanda ngazi ya ukumbi, akakohoa. "Wajumbe, twendeni wote tukazike. Tukishamsitiri mzee, tunakaa kwenye viti vile vile, tunamaliza ajenda zetu. Huko ndiko kukabiliana na mabadiliko."

Hata Tulinagwe aliona ni akili. Akapanda Kosta.

Msiba una mpangilio wake, nao haujui katiba ya mtu. Wanaume walibaki nje chini ya turubai. Wanawake wakajifunga vitenge wakaingia ndani kwa mjane, wakaketi chini, jeneza katikati. Mama yake alikuwa pale mbele. Tulinagwe akapenya, akakaa ubavuni pake.

"Ugonile, mama," alimsalimu.

Mama hakumtazama usoni. Alimtazama begani, akampapasa mkono mpaka kwenye kiwiko. "Umekonda. Hicho chama hakiwapi chakula?"

Muda kidogo Leah, katibu wa chama, akaja akitambaa kati ya magoti ya watu, kitenge kimelowa tope.

"Dada Tuli," alinong'ona, "wameanza."

"Kuzika?"

"Mkutano. Kaburi limejaa maji, vijana wanachota kwa ndoo. Fulgence kasema muda ni rasilimali."

"Mwenyekiti mimi si niko huku!"

"Ndicho nilichowaambia. Akasema wewe upo, ila uko ndani. Ukuta wa matofali hauvunji akidi."

"Leah, mdogo wangu, nakusihi. Wasiguse uchaguzi mpaka nitoke."

Leah akatambaa kurudi. Dirisha lilikuwa wazi, na mvua ilipopungua juu ya bati Tulinagwe akasikia sauti ya mkufunzi wa Songea: "Nashukuru sana kwa heshima hii kubwa, lakini majukumu niliyonayo..." Halafu ya Njombe: "Nami nashukuru sana kwa heshima..." Akajua wamefika wapi. Kila anayetajwa alikuwa anashukuru na kukaa, anashukuru na kukaa, na heshima kubwa ilikuwa inasogea taratibu kuelekea dirishani.

Akajiinua goti moja. Hapo hapo mjane akaangua kilio upya, na chumba kizima kikapokea. Bibi mmoja nyuma yake akamvuta kitenge.

"Gwe, unakwenda wapi? Bado hatujamtoa."

Angesema nini? Mwanamke ainuke mbele ya jeneza, aruke miguu ya wafiwa, atokee kwa wanaume chini ya turubai apige kelele "sitaki cheo"? Masukulu wangeisimulia hadithi hiyo mpaka kwa wajukuu, na wa kuisikiliza kila siku kisimani angekuwa mama yake. Akashusha goti. Mkono wa mama ukamtafuta, ukampata.

Msibani hakupigwi makofi. Kwa hiyo alichosikia ni kimya tu, kimya kile cha watu wengi wanaonyanyua mikono kwa pamoja.

Leah akarudi akitambaa.

"Wote?" Tulinagwe aliuliza.

"Kwa kauli moja."

"Na wewe?"

Leah akaangalia mkeka. "Dada, nilikuwa mlangoni, mguu mmoja nje. Ningepinga wangenitaja mimi."

Baada ya maziko, mzee keshalala kwenye udongo uliochotwa maji mpaka ukachoka, wajumbe walijipanga kumshika mkono. "Pole kwa msiba, mwenyekiti, na hongera." "Hongera, mwenyekiti, na pole." Wengine walichanganya kabisa, na pengine hao ndio waliosema kweli.

"Fulgence, siwezi," alisema, machozi ambayo hayakuwa ya mzee Ambilikile yanamtoka. "Mama yangu haoni."

"Hilo tumelijadili, mwenyekiti."

"Mmejadili macho ya mama yangu?"

"Tumejadili uzito wa majukumu yako. Tumeazimia uunde kamati ya kukusaidia."

"Basi najiuzulu. Sasa hivi."

Fulgence akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Kujiuzulu kunapokelewa na mkutano mkuu. Na mkutano mkuu unaitishwa na mwenyekiti." Akakunja suruali mpaka magotini, akaruka dimbwi. "Jumatatu unatakiwa Dodoma na taarifa ya mwaka, halafu ziara ya vyuo. Tuko pamoja!" Dereva alikuwa anapiga honi, barabara inaanza kuteleza. Kosta ikaondoka na chama chote isipokuwa mwenyekiti.

Jioni alikuwa jikoni kwa mama yake, anamenya ndizi. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na moto, kachangamka.

"Wageni wako wametuheshimu kweli. Watu wametoka Songea kuja kumzika Ambilikile! Mungu awakumbuke."

"Ndiyo, mama."

"Mimi niko tayari. Jogoo nimemfunika kwenye tenga asije akanipotea. Ni Jumatatu, siyo?"

Tulinagwe akafungua mdomo. Simu ikaita. Ni Fulgence, na mle jikoni mtandao haushiki. Akanyanyuka polepole, bila kukanyaga maganda, akatoka mpaka uani penye mtandao, chini ya manyunyu. "Haloo, mwenyekiti," sauti ilisema, "kuna jambo dogo tu."

Mama hakumsikia akiondoka. Alikuwa amegeuza uso kule kwenye kigoda cha pili, anatabasamu.

"Kwa daktari nivae lile gauni la kanisani?"

Kigoda kikakaa kimya. Tulinagwe alimsikia vizuri kutoka uani, simu sikioni, Fulgence akiendelea.

Mama alingoja kidogo.

"Haya," alisema. "Basi nitavaa hilo."