Ufagio wa Nna Tassadit

Pale kijijini kwetu, milimani Kabilia, Nna Tassadit, “Nna” ikiwa heshima yetu kwa mwanamke mzee, alijulikana kwa ulimi. Ndiye aliyesimama mlangoni mwa baraza, wanaume wamekaa, akamshitaki Meziane kwa kumfunga mtoto wa kima mnyororo.

"Mama yake yuko juu ya paa siku ya tatu, analia! Hamna masikio nyinyi? Huko msituni wamebaki wangapi?"

Baraza likaamua: Meziane amwachie mtoto, na afagie chemchemi siku saba, wanawake wakimtazama. Kima akampokea mwanawe, akampakata, wakapotelea kwenye miti ya mialoni. Tassadit akarudi nyumbani kifua mbele.

Alasiri alikuwa akimtilia maknini wake mbegu za mbaruti. Ndege yule mdogo wa uso mwekundu aliachwa na marehemu mumewe, Dda Arezki, mtegaji hodari. Arezki alikuwa akitundika tundu kwenye mti wa mlozi ili ndege aite wenzake, nao wakija wananasa kwenye ulimbo. Na aliyewasafisha ulimbo kwa mafuta ya zeituni, tayari kwa soko, ni Tassadit mwenyewe.

Akapita Dehbia, mke wa Meziane, na ndoo yake, uso umemvimba kwa hasira.

"Nna, na huyu je? Alikuja mwenyewe kupanga chumba?"

"Wee Dehbia, nikome! Kima ana mikono, anabeba mtoto kama sisi. Huyu anaimba, ana raha zake."

"Anaimba? Anaita huyo. Mbona mama yake hajaja juu ya paa?"

Tassadit akautazama mlozi. Zamani maknini walitua mpaka vitawi vikainama. Sasa ulikuwa umechanua mara nne tangu Arezki afe, ndege anaita kila siku, na hajajibu hata mmoja. Naye Tassadit alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba anaimbiwa yeye!

"Hakuna wa kuja," alisema taratibu. "Tuliwamaliza."

Dehbia, aliyekuja kugombana, akaenda zake na ndoo yake.

Kesho yake Meziane alimkuta bibi kizee chemchemini, ameshainama anafagia.

"Nna, lete ufagio. Adhabu ni yangu."

"Yako siku saba. Yangu ngapi?" Hakuacha kufagia. "Tundu nimelifungua tangu alfajiri. Hajatoka. Atoke aende kwa nani?"

Wanawake walikuwa wakiteremka na ndoo zao. Hakuinua uso.