Shimo la Ubatizo, Gudele

Mama mkwe wangu alikuwa na sharti moja: binti yake hataolewa na mtu aliyenyunyiziwa maji utotoni. "Hiyo ni kumwagilia sukuma bustanini," alisema. "Mimi nataka maji mingi, ifike kwa shingo." Nami nilimtaka binti kuliko nilivyoyaogopa maji, basi nikakubali, na pumu yangu na kitambi changu.

Kanisa lao la mtaa wa Gudele lilichimba shimo uani, likalitandika turubai, lori la maji likalijaza hadi pomoni. Desturi yao ni kwamba huzamishwi mpaka utoe ushuhuda, ukiwa umesimama mlemle majini. Waliorudi nyumbani kutoka ukimbizini Uganda wana ushuhuda mrefu, wa kambini hadi mpakani. Mimi, Mkenya niliyeletwa huku na kazi ya benki, niliandaa sentensi nne.

Mchumba wangu ni muuguzi, na alikuwa amenionya. Maji yakifika shingoni hulisukuma tumbo juu, damu ya miguuni nayo hukimbilia kifuani, mapafu yakakosa pa kupanukia. Nilimwambia ana imani haba. Nilipoingia, maji yakanibana kama mshipi wa kuazima. Nikavuta pumzi, ikaishia kooni.

"Mimi... nilikuwa... mwenye dhambi..." Nikakwama palepale kwenye dhambi.

"Pepo anakataa kutoka," mchungaji akatangaza, akanizamisha. Nikaibuka kifua kikilia filimbi. Akasikia filimbi, akanizamisha tena. Waumini wakapiga vigelegele. Nilijua nakufa, na nilikasirika sana kufa nikiwa bado kapera.

Mama mkwe akashuka shimoni na viatu vyake, kuja kumsaidia mchungaji kukemea. Mama huyu huomba saa nzima bila kumeza mate. Maji yalipompita kifuani akafungua kinywa.

"Wewe pepo..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Akajishika kifua, kisha akanitazama, mara ya kwanza bila kunihukumu.

"Mchungaji," akasema kipande kipande, "hii... si pepo. Hii ni... maji. Toa yeye."

Mchungaji alikuwa anaimba. Mama akanikamata mkono, akanivuta mwenyewe hadi ukingoni, binti yake aliposimama na pampu yangu ya pumu. Nikavuta dawa mara mbili. Nikataka kumalizia zile sentensi tatu zilizobaki.

"Wacha," akasema, akikamua gauni lake. "Ushuhuda yako nimesikia yote. Leta wazee wako, tuongee mahari."