Kumi za Cucu Wanjira

Eti niandike habari za Wanjira. Wengi wenu mlikuwa mnampita pale langoni bila hata salamu, leo ndiyo mnataka habari zake. Haya. Kalamu yangu ni nzito, mtasoma polepole.

Wanjira aliuza mayai ya kuchemsha na kachumbari Kitengela, nje ya chuo cha kompyuta cha Mwalimu Mutunga. Mwaka huo wa 2001 chuo kizima kilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Wanafunzi walivua viatu vya tope mlangoni, wakaingia kuiangalia. Kuigusa ni mpaka mwaka wa pili. Ciku, mjukuu wa Wanjira aliyemwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa amemaliza hiyo miaka yote miwili, lakini cheti hangepata mpaka mkaguzi atoke Kajiado, aone wanafunzi wakifanya kazi, ndipo atie sahihi.

Mkaguzi, Bwana Lemayian, akaja. Stima nayo ikapotea asubuhi hiyo hiyo. Mutunga hakukosa la kusema. Alieleza kwamba kompyuta kazi yake ni kufuata maagizo tu, kwa hivyo hata mtu anaweza kuwa kompyuta. Akamwita Wanjira, akaingia na ndoo yake ya mayai, Mutunga akidhani mama aliyesomea ngumbaru, darasa la watu wazima, hawezi kumharibia. Ubaoni kulikuwa na maagizo ya kuhesabu kurudi nyuma, yale ambayo wanafunzi walinakili tangu chuo kifunguliwe:

1. Anza na kumi.
2. Taja hesabu uliyo nayo.
3. Ngoja sekunde moja.
4. Kama hujafika sifuri, rudi hatua ya pili.
5. Ukifika sifuri, piga kengele.

Wanjira alifuata kwa kidole. Akasema kumi, akangoja, akarudi hatua ya pili, akasema kumi. Alipofika kumi ya kumi na nne, mkaguzi aliweka kalamu chini. Mutunga alikuwa amemkonyeza Wanjira mpaka jicho likatoa machozi.

"Cucu, sema tisa tu," Ciku alinong'ona. "Cheti changu."

"Tisa imeandikwa wapi?"

"Cucu, tafadhali."

"Mimi ni kompyuta. Kumi." Kisha akamgeukia Mutunga. "Mwalimu, ndoo yangu nikitoa yai moja, mayai yanapungua. Hii yako ni ndoo gani?"

Ciku akasimama na soksi zake zilizotoboka, akachukua chaki, akaandika baada ya hatua ya tatu: punguza moja. Wanjira akaanza upya. Kumi, tisa, nane, mpaka moja, halafu akagonga ndoo kwa kijiko, maana hata kengele chuo hakikuwa nayo.

Mutunga alisema hatua hiyo alikuwa ameificha makusudi, apime akili za wanafunzi. Lemayian akamuuliza kama huyu msichana ndiye pekee aliyepita. Akatia sahihi cheti cha Ciku. Wale wengine waliambiwa wangoje.

Na wewe uliyefika hapa, usikunje karatasi. Andika jinsi ya kuchemsha yai, hatua kwa hatua, umpe mtu mbishi afuate vile ulivyoandika. Halafu uniletee hilo yai nilione.