Oili ya Shemeji

Fundi wa mashine za boti alichomoa plagi, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ilikuwa nyeusi, imelowa oili chepechepe.

"Shemeji, oili kiasi gani uliichanganya na petroli?"

"Niliongeza kidogo tu," akasema mume wa dada yake. "Mashine imezeeka, inataka kulainishwa."

"Na wewe ukizeeka tukunyweshe grisi?"

Fundi alimwaga mafuta yote, akasafisha plagi, akachanganya upya kwa kipimo, huku akijiuliza dada yake aliwakosaje wanaume wote akaangukia zoba hili. Alipovuta kamba, mashine iliyokohoa tangu asubuhi ikanguruma bila moshi.

Shemeji akatabasamu hadi gego la mwisho, akafungua tangi, akamimina kifuniko kizima cha oili.

"Hii ya kuipongeza."

Fundi alilifungua tena sanduku la spana.