Mkalimani wa Kurasa Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nikiwa na shahada mpya ya fasihi na imani kwamba vitabu vingeirekebisha dunia. Nilimwambia hivyo Mhariri Mkuu, mama wa Kizanzibari, katika ofisi yetu ya uchapishaji juu ya duka la vitambaa, Walthamstow, London, ambako kelele za soko zilipanda hadi mezani. Alinisukumia prufu, yaani kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. "Vyema, mwanangu. Anza na nukta."

Baada ya prufu nilipandishwa cheo kuwa mfasiri, kisha nikahamishiwa tawi la Harrow. Huko ndiko nilikotafsiri riwaya juu ya wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi.

Ndani yake yumo mfungwa asiye na jina, mkalimani. Walinzi huamuru kwa Kijerumani, naye huwaeleza wenzake kwa lugha yao. Asubuhi moja mlinzi anataka wagonjwa wajitokeze wapelekwe hospitali. Mkalimani anajua kwamba hospitali hiyo haipo. Anawaambia wenzake, "Amesema kila mtu abaki alipo." Hakuna anayesogea, hata shujaa wa riwaya, ambaye ni mgonjwa. Jioni mkalimani harudi bandani, na riwaya haimtaji tena. Ni kurasa tatu tu.

Meneja wa Uchapishaji aliona kitabu ni kinene mno.

"Huyu atoke," alisema. "Hana jina, na shujaa wetu hata hamjui."

"Shujaa wetu yu hai kwa sababu yake," nilijibu.

"Msomaji hatauliza."

"Mfasiri haongezi wala hapunguzi, Bwana Meneja. Ndivyo tulivyofundishwa."

Akacheka. "Na huyo mkalimani wako, mbona kabadilisha yote?"

Mhariri Mkuu, aliyekuja siku hiyo kutoka Walthamstow, aliweka kikombe chake chini. "Kanuni ya nyumba hii unaijua, Meneja. Anayetaka kukata ndiye anayesoma."

Ndivyo tulivyofanya kazi: sehemu iliyopendekezwa kuondolewa ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, na msomaji alikuwa yule aliyetaka iondolewe. Meneja alianza kwa kasi, kama mtu anayetangaza vituo vya treni. Alipofika kwenye amri ya mlinzi alipunguza mwendo. Sentensi ya mkalimani aliisoma polepole, kisha akamalizia zilizobaki.

"Bado kitabu ni kinene," alisema. Akafunua kurasa za mwanzo. "Toeni utangulizi wangu."

"Ule uliomsomea mkeo?" Mhariri Mkuu aliuliza.

"Huo huo. Alisinzia."

Kitabu kilitoka na mkalimani wake. Wahakiki walimsifu shujaa. Mkalimani hakuna aliyemtaja.

Sasa nimestaafu, naishi Rayners Lane, na vijana wanaotaka kazi hii huja kuniuliza uaminifu wa mfasiri ni nini. Mimi huwaeleza kuhusu prufu, kuhusu kusoma kwa sauti, kisha huwapa swali la Meneja: mbona mkalimani alibadilisha yote? Mkalimani yule alikuwa mwaminifu kwa waliomsikiliza. Mimi niliajiriwa niwe mwaminifu kwa aliyeandika. Katika miaka yangu yote ya kazi sikulazimika kuchagua kati ya hao wawili, na hiyo ilikuwa bahati yangu, si sifa yangu.