Nilivyokatazwa Kushika Mundu

Niliajiriwa kufagia. Kampuni inanunua mpunga na mahindi, ofisi yake iko Mpanda mjini, na nyuma ya ofisi kuna chumba kidogo chenye baridi ambamo kompyuta kubwa, zile wanazoziita seva, zinanguruma usiku na mchana. Mlango wake hauna ufunguo. Unafunguka kwa kidole tu.

Fundi mkuu yuko Dar es Salaam, anasimamia kompyuta zote za kampuni kwenye skrini moja. Alinieleza kwa simu, pole pole, maana nimeishia darasa la saba na huwa sijibu haraka. Kuna mashine za chuma, hizi ninazozifuta vumbi. Ndani ya mashine ya chuma kuna kompyuta pepe nyingi, hazishikiki kwa mkono, kila moja imejengewa ukuta wake ili mwizi akiingia moja asipite kwenda nyingine. Halafu kuna kazi zilizohamishiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizoko mbali. Karibu kazi zote zilikuwa zimeshahama. Ilibaki ya mizani ya malori, ambayo programu yake ni ya zamani na iligoma kuhama. Kwa hiyo mashine moja ya chuma ilibaki Mpanda, na mtu wa kuiwasha umeme ukikatika akabaki nayo. Mtu huyo ni mimi.

Sikuchaguliwa kwa akili. Ofisa wa kompyuta alihamishiwa Sumbawanga. Meneja haruhusiwi, kwa sababu anayeidhinisha malipo hatakiwi kuingia kwenye mashine. Mlinzi analima Kakese, mpishi naye analima. Waliweka vidole kwenye kioo cha mlangoni kinachosoma alama, kikavikataa. Jembe linasugua ngozi mpaka alama za kidole zinafutika. Changu kilisomeka mara ya kwanza.

"Hicho kidole sasa ni mali ya kampuni," meneja alisema. "Usikipeleke shamba."

Watu walicheka na mimi nikacheka. Baadaye nikaona hakuwa anatania.

Mpunga ulipoiva, mama alipiga simu kutoka Usevya. Yuko peke yake kule, na mpunga uliokomaa ukichelewa kuvunwa ndege wanaushukia. Nilitaka kuomba ruhusa. Kila asubuhi nilisimama na ufagio mlangoni kwa meneja, nikafagia pale pale palipokwisha kuwa safi, nikaondoka. Mwisho mama akampigia meneja mwenyewe.

"Nenda ukamsalimie, Jumatatu uwe hapa," meneja aliniambia. "Mundu usishike."

Nilifika shambani nikakaa kwenye tuta. Mama alikuwa ameinama katikati ya mpunga, kitenge amekifunga kiunoni.

"Karibu bwana mkaguzi," akasema bila kuinuka.

"Mama, nimekatazwa."

"Umekatazwa kuvuna. Na kula je, wamekukataza?"

Hakuwa na hasira. Alinyoosha mgongo kwa shida, akaushika kwa mikono miwili, akainama tena. Nikashuka kwenye tuta, nikachukua mundu wa pili. Tulivuna mpaka Jumapili mchana, ikabaki nusu ya shamba, nikapanda gari kurudi Mpanda.

Jumatatu nilikuta umeme ulikuwa umekatika ukarudi, mashine haikuwaka, na malori yamepanga foleni kwenye mizani mpaka barabarani. Niliweka kidole gumba kwenye kioo. Taa nyekundu. Nikakifuta kwenye suruali, nikarudia. Nyekundu.

"Nionyeshe mikono," meneja akasema. Nikamwonyesha, vidole vimechanwa na majani ya mpunga. Akapiga simu Dar na kuiweka kwenye spika.

"Dogo, umelima?" fundi akauliza.

"Nimevuna."

"Aisee! Mimi huku siwezi kukufungulia, sheria tumeiweka wenyewe, lazima pawepo kidole cha mtu. Jaribu vingine, tulivisajili vyote."

Cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Dereva mmoja alikuwa amesogea dirishani. "Kitie mate, mdogo wangu! Sisi tunazeeka huku!" Mimi moyoni nilikuwa naomba vikataliwe vyote, ili watafute mtu mwingine. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaleta taa ya kijani.

Niliingia nikabonyeza kitufe, mashine ikaanza kunguruma. Meneja alikuwa amesimama nje ya kizingiti, simu bado iko hewani. Nikasema, "Naomba nirudi Usevya. Nusu imebaki shambani." Ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu pale ofisini.

"Subiri mizani ihame," meneja akasema.

"Itahama lini?"

"Programu ikikubali, dogo," fundi akajibu.

Mchana mama alipiga. Nilikuwa ndani ya kile chumba nafuta vumbi. Kabla hajaniambia neno nilisikia debe likigongwa, na sauti yake iliyokauka ikifukuza ndege.

"Unakuja?"

"Hapana, mama. Wamenikatalia."

"Haya, baba."

Akasahau kukata simu. Debe likaendelea, mara karibu, mara mbali, inaonekana alikuwa anakimbia huku na huku shambani. Nikasimama kwenye baridi na simu sikioni, nikisikiliza, mpaka salio lake lilipoisha.